Barua Tatu za Kukana Ugonjwa Wangu

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kituo cha magonjwa ya akili, dosie yako, yaani faili la matibabu, mapajani, na tayari umeanza kuwaza kwamba umemdanganya daktari na unampotezea muda wake bure, kaa. Usiinuke kwanza. Mimi nimeinuka mara nyingi kutoka kwenye benchi hilo, na kila mara nililazimika kurudi na kupanga foleni upya.

Naitwa Adèle Numbi. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu mtaani Kampemba, na nina ulimi mkali, wateja wangu watakuambia. Ugonjwa wangu umeandikwa kwenye dosie kwa Kifaransa, trouble dissociatif de l'identité. Kwa maneno yangu mimi: ndani yangu tupo zaidi ya mmoja, na mwingine akishika usukani, mimi sijui tulipopita. Nadharia yake sitakueleza, siijui. Nataka kukueleza mashaka, kwa sababu hakuna aliyenitahadharisha juu yake, nayo yalinitesa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mambo yalianza kujulikana wakati wa kiangazi, ile miezi yetu ya baridi na vumbi. Kabla ya hapo nilikuwa nayafunika. Nilikuta nguo zimeshonwa na sikumbuki kuzishona, tena zimeshonwa vizuri, kola zimelala kuliko ninavyozilaza mimi. Nilijikuta nimesukwa nywele. Nyonga iliniuma kama niliyebeba maji siku nzima. Nikajiambia ni uchovu. Kisha ikaja Jumanne moja. Binti yangu Mado, wakati huo ana miaka saba, alitoka shule saa sita na nusu akanisubiri getini. Alinisubiri mpaka saa kumi na moja jioni, kwenye kiti cha mlinzi, amekumbatia mkoba wake. Mume wangu Didier alikuja kunikuta sokoni, nimekaa kwenye kigoda cha muuza maharagwe, nachambua maharagwe ya watu, mgongo umepinda, kitambaa nimejifunga kizee. Aliponishika bega nilimtazama usoni nikamuuliza:

"Weye uko mutoto wa nani?"

Hayo nimeambiwa. Mimi nakumbuka asubuhi nikimpima kiuno mteja mmoja wa Karavia, halafu nakumbuka taa ya chumbani kwetu na Didier analia.

Siku ya tatu mama mkwe akafika kutoka Kipushi. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alikunja nguo za Mado moja moja, akazipanga kwenye mfuko.

"Adèle, sina kinyongo na weye," alisema. "Mais mutoto haiwezi kubakia ku mulango ya masomo mpaka mangaribi. Upone kwanza. Ukipona, nitamurudisha miye mwenyewe."

Tangu siku hiyo kupona kulikuwa na maana moja tu kwangu: Mado arudi.

Kituo nilichopelekwa kinapokea wagonjwa wa mazungumzo kila Alhamisi. Chumba cha kusubiria kina mabenchi ya rangi ya kijani na feni ambayo sijawahi kuiona ikizunguka. Kulikuwa na mama mmoja mzee aliyemleta kijana wake kila wiki, na kila wiki alikuja na chupa ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mizizi, akammiminia kwenye kikombe cha plastiki yeyote aliyemwona anatetemeka. "Kunywa, mama," aliniambia siku ya kwanza. "Hapa bote tuko bagonjwa, hata shiye benye kuwaleta." Nilikunywa. Nilikuwa sijala tangu jana yake, na hakuna chakula nilichowahi kukishukuru kama kile kikombe.

Nilipewa dawa za kunisaidia kulala. Zilinilaza, lakini zilininenepesha. Mimi ninayewapima wengine nikajipima mwenyewe mbele ya kioo, nikakuta kiuno kimeongezeka sentimita kumi na moja. Nikafumua nguo zangu zote pembeni na kuachia mshono. Didier akanitania kwamba mke wake ameongezeka na hakulipa mahari ya ziada. Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na woga. Wakati huo alikuwa amezoea kusimama mlangoni kabla ya kuingia, anachungulia kwanza nimekaaje, ndipo aseme bonjour.

Aliyenisikiliza ni Madame Béatrice, mwanasaikolojia, mwanamke mfupi anayevua viatu chini ya meza akidhani hatuoni. Hakuwa na haraka. Ilichukua miezi saba, mpaka mvua zikawa zimekolea na uyoga unauzwa kando ya barabara, ndipo akaniambia jina la ugonjwa. Alisema, mbali na mimi, amekutana na watatu. Mmoja anashona na hasemi. Mwingine ni bibi kizee anayeumwa nyonga. Wa tatu ni msichana mdogo anayejificha chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa.

Sikulia. Nilifurahi. Nilimpigia mama mkwe simu nikamwambia ugonjwa una jina, basi una dawa. Furaha hiyo ilidumu wiki mbili.

Kisha nikaanza kuufumua ugonjwa wangu kama ninavyofumua gauni lililoshonwa vibaya na fundi mwingine. Niligundua kila uzi una maelezo yake. Kushona bila kukumbuka? Nashona tangu nina miaka kumi na tano, mikono imezoea. Msichana chini ya meza? Nani hapendi kujificha? Na bibi kizee, huyo ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote, na hapa lazima nikueleze desturi ya kwetu.

Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, anakuwa mtu huyo. Mimi nilipewa jina la Numbi, mama mzazi wa baba yangu, aliyefariki mwaka niliozaliwa. Basi tangu niko mchanga, baba yangu aliniita mama. Nilipewa finyango la kuku la wakubwa. Shangazi zangu walinisalimia kwa kupiga makofi. Sio uchawi wala sio upuuzi, ni heshima, na nalipenda jina hilo mpaka leo. Lakini ukimlea mtoto hivyo, usishangae akipinda mgongo na kuuliza watu wazima ni watoto wa nani. Nilijiambia: Adèle, huna ugonjwa, ulifundishwa tu, na sasa unaigiza.

Dada yangu mkubwa, Yaya Thérèse, ambaye ni wa kikundi cha maombi parokiani, alipigilia msumari wa mwisho. Alikuja na wenzake watatu, wakaniombea, wakamsihi bibi Numbi aniache. Bibi hakujibu. Thérèse akanifuata jikoni.

"Ile haiko bugonjwa," alisema. "Ile iko nkambo. Na kama haiko nkambo, basi unatuchezea théâtre."

Kati ya nkambo, yaani bibi, na théâtre, yaani maigizo, nilichagua théâtre.

Kulikuwa na sababu nyingine. Madame Béatrice alikuwa amenidokeza kwamba nafsi haigawanyiki hivihivi, mara nyingi kuna maumivu ya utotoni, ya kurudiarudia. Na mimi sikupigwa. Tena sisi tuna hadithi inayothibitisha, inasimuliwa kila sikukuu mpaka watu wanashika mbavu. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, mkubwa wa mwili, na siku za mshahara alirudi alasiri amelewa, anatafuta ugomvi na mama. Mama hakukimbia. Alinituma mimi mlangoni. Nilikuwa na miaka minne, mitano. Nilisimama kizingitini, nikanyoosha kidole, nikasema, "Kaa chini." Na yule baba mkubwa alipiga magoti mbele yangu, kofia mkononi, akasema, "Pardon, mama." Mtu hawezi kumpiga mama yake.

Nilimsimulia Madame Béatrice hadithi hiyo, nikacheka mwenyewe. Yeye hakucheka. Aliniuliza tu: "Na mama yako, yeye alikuwa anasimama wapi?" Nilikasirika sana. Niliona hajui utani.

Wiki hiyo niliandika barua. "Madame, nilikudanganya. Hakuna watu ndani yangu. Nilisahau kumchukua mtoto wangu kwa sababu mimi ni mama mbaya, nikatafuta pa kujificha." Alhamisi nikampa. Aliisoma yote, akaiweka kwenye dosie.

"D'accord, sawa," alisema. "Tutaonana Alhamisi."

Nilitaka abishane nami. Nilitaka aseme ni kweli, nina ugonjwa, au aseme ni kweli, nimedanganya. Nikaendelea kwenda, kwa hasira. Kwa sababu nilikuwa nimenaswa, unaona. Nikiwa mgonjwa, baba yangu si yule ninayemjua. Nikiwa mzima, basi aliyemwacha Mado kwenye kiti cha mlinzi ni mimi, mwenye akili zangu timamu, na sistahili kurudishiwa mtoto. Na bado, nilipopima, nilipendelea la pili. Nilikuwa tayari kumpoteza mtoto ili nibaki na baba.

Mvua zikaisha, baridi ikarudi. Kila Jumamosi kwa simu Mado alikuwa ananiambia habari za Kipushi kama mtu aliyehamia huko, ana rafiki, ana kuku wake. Nikaandika barua nyingine, ndefu, ya kukomesha kabisa. Lakini kabla ya kuipeleka nilitaka kwanza kumfurahisha baba. Aliposikia ninachotibiwa alikuwa amenyamaza miezi mingi, nami nilidhani ni aibu kwa ajili yangu.

Anaishi na Yaya Thérèse, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Pombe aliiacha zamani, kabla mama hajafariki. Ilikuwa Jumapili, Thérèse hajarudi kutoka misani. Nilimkuta barazani anasugua viatu vyake kwa brashi.

"Karibu, mama," alisema, kama siku zote.

Nilimpa suruali niliyompunguzia, nikakaa. "Papa, niko na habari ya muzuri. Siko mugonjwa. Ile madame anasemaka bugonjwa ile iko ya bantu benye balipigwaka mu butoto. Na miye hakuna mwenye alinipigaka. Weye hata kidole hukuniwekeaka."

Brashi ikasimama.

"Nani alikuambia vile?"

"Bote. Mama alisemaka. Yaya Thérèse pia."

"Thérèse alikuwa ku masomo." Aliweka kiatu chini, polepole. "Ile kovu yako ya pa sikio. Balikuambia nini?"

"Nilianguka ku baraza."

"Hukuanguka."

Nilitaka azungumze jambo jingine. Nakumbuka niliangalia ile brashi, nywele zake zimelala upande mmoja. Yeye aliendelea, sauti ya kawaida, kama anayetoa taarifa kazini.

"Nililewa. Mama yako alikutuma ku mulango, kama siku zote. Ukaniambia: kaa chini. Siku ile sikutaka kukaa. Nilikupiga na mukaba ya kazi, mukanda ile ya chuma pa mbele. Na haikukuwa siku ile tu. Muntu akipiga mutoto wake, bantu banamugombeza, inaisha. Akipiga mama yake, ile iko malédiction, laana mu famille mzima. Njo maana tuliikataa. Kila muntu mu nyumba aliikataa. Na weye pia. Ulisema: hapana, miye nilianguka. Ulikuwa na miaka tano, na uliisema na sauti ya mama yangu kabisa."

Hapo nakumbuka kiti. Halafu nakumbuka saruji baridi chini ya magoti yangu. Nilikuwa chini ya meza ya baraza, mwanamke wa miaka thelathini na sita na kiuno changu kipya, nimekunja kichwa katikati ya mikono. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, kwa shida, maana magoti yake ni mabovu. Hakunigusa. Alikuwa anarudia maneno yaleyale, na nadhani alikuwa ameyarudia kwa muda mrefu kabla sijayasikia.

"Toka, mutoto yangu. Hakuna muntu atakupiga. Toka, mutoto yangu."

Hakuwahi kuniita hivyo. Hata siku moja, maisha yangu yote. Nililia kilio ambacho sikujua ninacho, na sikuona haya, na baba pia alilia, na Thérèse aliporudi na Biblia yake mkononi akatukuta wote wawili sakafuni. Alikwenda kutuletea maji.

Barua nilikuwa nayo mkobani. Alhamisi nikampa Madame Béatrice hivyohivyo, kwa ukaidi tu. Alivua viatu, akaisoma, akafungua dosie ili aihifadhi.

"Hii ni ya tatu, Madame Adèle."

"Ya pili," nilisema.

Alinitazama kidogo, kisha akauliza kama niko tayari kuiona ile nyingine. Nilikubali. Akanipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari langu la vipimo, naijua mistari yake. Herufi zilikuwa kubwa, zimekandamizwa mpaka kalamu imetoboa. "Madame, miye nilianguka. Hapana kuuliza tena."

Nilikaa nayo mkononi muda wote uliobaki. Siwezi kukuambia nilihisi nini isipokuwa huruma, huruma tupu, kwa huyo aliyeiandika.

Utadhani mashaka yaliisha hapo. Hayakuisha. Wiki mbili baadaye nilikuwa nakata kitambaa nikawaza: mzee amesema vile ili kunifurahisha. Na ile karatasi, labda niliiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, maana mimi ni mjanja. Ndiyo, nilifika huko. Nilipomweleza Madame Béatrice, alicheka mpaka akatafuta kitambaa, nami nikacheka. Sasa mashaka yakija nayachukua niende nayo Alhamisi. Yakae kwenye benchi kama wagonjwa wengine, yanywe munkoyo. Nafasi yangu tu siyapi.

Mengine tuliyapanga kwa mikono. Kibandani kuna daftari, kila mmoja wetu anaandika alichofanya, hata yule asiyesema, yeye anachora kola. Mlinzi wa shule ana namba ya Didier na ya Yaya Thérèse. Siku ambayo nyonga inaniuma tangu asubuhi, siendi kumchukua mtoto peke yangu. Nilimweleza mama mkwe yote haya, pamoja na habari ya baba, na sikumwambia nimepona. Nilimwambia nimejipanga.

"Nilisema ukipona," alisema mwishoni. "Mais naona kupona kwako iko na mambo mingi. Tutakuya Jumamosi."

Walikuja na mvua ya kwanza. Mado alikuwa amerefuka, magauni yote niliyomshonea yamempita. Tulikula bukari, yaani ugali, na mchicha wa lengalenga, sote wanne mezani. Katikati ya chakula Didier akakuta shati lake la kazi limeungua na pasi, akapandisha sauti. Ilikuwa sauti ya kawaida ya mtu mwenye shati lililoungua. Lakini Mado, ambaye amepewa jina la mama mkwe, na ambaye baba yake anamwita mama tangu alipozaliwa, aliinuka kitini. Alisimama katikati yangu na Didier, kidevu juu, akanyoosha kidole.

"Didier, kaa chini."

Mama mkwe akapiga makofi kwa furaha. Didier akasahau shati, akacheka, tayari anakunja magoti. "Pardon, mama."

"Hapana," nilisema.

Wakanigeukia.

"Tunacheza tu, chérie," Didier alisema.

"Nayua. Hata shiye tulikuwa tunacheza." Nilimshika Mado mkono, nikaushusha ule mkono ulionyooka. "Weye uko mutoto. Papa akikasirika, ile haiko kazi yako. Enda ucheze."

Mado alimtazama baba yake. Didier alikuwa bado ameinama nusu. Alinitazama, akaelewa, akasimama wima.

"Enda, mutoto yangu," alisema.

Mama mkwe aliangalia sahani yake. Mado hakuondoka mara moja. Alinichunguza usoni, jinsi baba yake alivyokuwa akinichunguza kutoka mlangoni.

"Na weye, leo uko nani?"

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeamka na mashaka, yale yale, kwamba yote ni théâtre. Yalikuwa bado yapo.

"Niko mama yako."

"Kweli?"

"Kweli."

Katika yote, hilo sijawahi kuliandikia barua ya kulikana. Mado akavaa malapa yake, akatoka nje kucheza.